Sangara watatu, kamongo mmoja na bwawa la ndani ya godauni

Sangara wa kwanza alikufa hata nusu ya njia hatujafika. Tulimweka kwenye pipa la bluu la lita 200 nyuma ya pikapu, maji ni yaleyale ya Ziwa Victoria alimotoka, dogo mmoja kakaa pembeni anachota maji na kopo anayamwaga kwa juu ili yachanganyike na hewa, na bado nikasikia anagonga kioo, "braza, huyu kageuka." Kageuka kweli, tumbo juu, na mdomoni katokwa na kitu kama puto la pinki. Wavuvi pale Kayenze walikuwa wamemtoa na ndoano za migonzo, zile kamba ndefu zenye ndoano nyingi, kutoka chini kabisa, na samaki kama yule ukimvuta haraka toka kwenye kina, hewa ya kwenye kibofu chake inavimba inasukuma mfuko wa chakula mpaka unatokea mdomoni. Mi hilo nililijua wiki mbili baadae. Siku ile nilijua tu kwamba nimetoa hela na nimepata mboga.

Iko hivi. Marehemu baba alikuwa anafanya biashara ya dagaa, akatuachia godauni huku Igombe, Mwanza, la tofali, kama mita 150 hivi mpaka kwenye maji. Limekaa miaka linanuka dagaa tu halina kazi. Bro wangu yuko Dar, akaja na wazo kwamba tufungue sehemu ya kula samaki na katikati humo ndani tujenge bwawa kubwa la samaki wakali, yani mteja anakula sato wake huku anaangalia sangara wa kilo 20 anapita. "Mgeni akija Mwanza sangara wa kula anampata popote, we muoneshe aliye hai." Nikakubali fasta maana mi ndo nilikuwepo Mwanza na mi ndo nilikuwa sina kazi ya kueleweka. Afu nimekulia ziwani nikajiona najua samaki. Nilikuwa najua kuwapara na kuwakaanga.

Bwawa tulijenga mita 5 kwa 3, kina cha maji mita 1.2, piga hesabu hapo ni lita 18,000, yani tani 18 zimekaa sehemu moja, kwahiyo chini fundi alimwaga zege la maana lenye nondo na hapo sikubana hela na wala sijutii. Bro alitaka upande mmoja uwe kioo, nilipoulizia bei ya kioo cha unene unaoweza kuzuia maji yote yale nikamwambia wateja watainama.

Kosa la kwanza hata halikuwa la sangara, lilikuwa la simenti. Plasta imekauka, tukajaza maji wiki hiyohiyo, nikaweka sato 10 wa kujaribia, asubuhi wote wamelala. Simenti mpya inatoa chokaa kwenye maji, ukitia mkono unasikia vidole vinateleza kama umeshika sabuni, na maji yakiwa makali hivyo hata ile amonia inayotoka kwa samaki wenyewe inazidi kuwa sumu. Nikawa najaza, nakaa nayo siku kadhaa, namwaga, najaza tena, mara nne, mwezi na nusu ukaisha hivyo na bro kila siku anapiga "vipi sangara?" Sangara gani sasa.

Kuna dogo wa mtaani kwetu kasoma pale chuo cha uvuvi FETA Nyegezi, yeye ndo alinisaidia kwenye filta. Alinambia usinunue vitu vya duka la samaki wa urembo, vile ni vya tenki la sebuleni. Tukachukua mapipa matatu, la kwanza kokoto, la pili na la tatu tukajaza nyavu chakavu za kuvulia, zile zilizochanika ambazo soko la samaki la Mwaloni Kirumba unazikuta zimerundikwa. Pampu inavuta maji inapitisha humo yanarudi bwawani kwa kuanguka toka juu, ili yabebe hewa. Kwenye zile nyavu wanaota bakteria wanaobadilisha amonia kuwa naitraiti, afu wengine wanaibadilisha kuwa naitreti ambayo haina ukali mkubwa. Ila wanachukua muda kuzaliana, wiki nne mpaka sita, na hao bakteria huwezi kuwaharakisha kwa kupigiwa simu toka Dar. Niliweka sato watano tu wa kuwalisha bakteria, nikasubiri. Hii sehemu inachosha kuisoma na inachosha zaidi kuiishi, ila bila hiyo mengine yote ni kazi bure.

Haya sasa sangara. Wazo la kwanza nilitaka wadogo kabisa, wa shibiri moja, wakulie humohumo. Mvuvi mmoja mzee ambae alikuwa akimjua baba akanikatalia, "ng'wanawane (mwanangu), unataka tukalale ndani wote?" Sangara chini ya sentimita 50 ni kosa, mvuvi akikutwa nae ana kesi. Kwahiyo ilibidi tutafute wa sentimita 52 mpaka 55 huko, ambao ni kama kilo mbili kila mmoja, na kilo mbili za sangara hai sio sawa na kilo mbili za samaki mwingine yeyote nakwambia. Yule wa kwanza nimeshasema. Wa pili na wa tatu nikasema watolewe maji mafupi, na wasishikwe kwa mikono mikavu, wakafika wanapumua. Wa pili alikufa usiku uleule, sikujua sababu, mzee akasema "huyo kafa kwa kushikwashikwa", basi.

Wa tatu alikaa siku tisa. Siku tisa hizo nilikuwa mtu wa furaha we acha tu, usiku ukiwasha tochi macho yake yanawaka kama ya paka, rangi ya dhahabu, nikampiga video nikamtumia bro akaiweka kila mahali. Ila kula hataki. Nimemletea dagaa fresh wa asubuhi kabisa, anawaangalia wanazama. Alikula tu wale sato wadogo wanaoogelea, kitu kinachokimbia ndo chakula kwake, kilichotulia hakijui. Na taa nikiiwasha ghafla anaruka anajigonga ukutani puu, mpaka nikaanza kuacha balbu moja ndogo usiku kucha ili giza lisiishe kwa mshtuko.

Siku ya tisa umeme ukakatika kama saa nane usiku. Inveta tulikuwa bado hatujanunua, bro alisema mwezi ujao. Pampu imezima, mi nimelala. Saa kumi na moja alfajiri naingia na tochi, sato wako juu wanahema midomo nje lakini wazima, sangara kalala chini ubavu. Masaa matatu tu. Maji yaleyale, hewa ileile, sato kapona sangara kafa.

Nikakaa pale kwenye ukuta wa bwawa mpaka kukakucha. Nilichokuja kukielewa ni kwamba mi nilikuwa nachagua samaki kwa kuangalia mdomo. Mkubwa kiasi gani, mkali kiasi gani, jina lake linatisha kiasi gani. Swali la kwanza lilitakiwa liwe anapumua vipi. Sangara anapumua kwa mashavu tu na mwili wake unataka oksijeni nyingi muda wote, huko ziwani kwenyewe maji yakipungukiwa hewa yeye ndo wa kwanza kuhama au kuelea, mwisho wa 2020 kuingia 2021 upande wa Uganda walielea wengi tu na serikali yao ikasema ni hewa imepungua baada ya dhoruba kuvuruga maji. Ziwa zima hilo! Sasa mi na pampu moja na umeme wa mtaani kwetu. Afu hata angepona, sangara anaweza kufika mita mbili na kilo 200, hata yule wa kilo 20 aliyekuwa anamtaka bro anazidi mita moja, kwenye bwawa la upana wa mita tatu hata kugeuka ni kwa hesabu.

Bro alinuna kama wiki. Mama ndo alinunua ugomvi, akampigia, "mwanangu, mbona hao samaki mnawazika kuliko mnavyowala?"

Basi nikaanza upya na swali lile. Nani huku kwetu ni mkubwa, ni mlaji wa wenzake, na anaweza kuishi umeme ukikatika?

Kambale ndo jibu la haraka. Ana kiungo juu ya mashavu kama matawi ya mti mwekundu, anapanda juu anameza upepo anarudi chini, maji yakiwa mabovu wala hajali. Nilichukua wanne kwa mfugaji mmoja wa Kisesa, kama sentimita 60 hivi, na ushauri wangu hapo ni chukua wanaolingana, maana kambale mkubwa na mdogo wakikaa pamoja asubuhi unamkuta mkubwa na mkia wa mdogo unaning'inia mdomoni. Wanakula kila kitu, dagaa, utumbo wa kuku, pumba, chakula cha vidonge, wiki mbili tu wameshajua sauti ya ndoo. Ila utumbo wa kuku acha. Unaacha mafuta juu ya maji kama ngozi ya chai ya maziwa, hewa haiingii vizuri na godauni linanuka kuliko enzi za dagaa. Na ukimshika kambale chunga ile miiba miwili ya pembeni ya kichwa, nina kovu kwenye kidole gumba mpaka leo.

Kitu ambacho sikukifikiria kwa kambale ni mvua. Ilikuwa mvua ya kwanza ya vuli, imepiga bati usiku mzima, asubuhi bwawani nahesabu wawili. Ukuta ulikuwa umezidi maji kwa kama sentimita 20 tu, kambale akisikia mvua anataka kusafiri, karuka katambaa sakafuni kapita chini ya mlango. Mmoja nilimkuta kwenye mtaro nje anajikunja anaenda ziwani kabisa kama mtu anaejua njia, wa pili alikuwa zizini kwa mbuzi wa jirani. Wote wazima! Nilimuosha yule wa zizini nikamrudisha na bado yupo. Baada ya hapo fundi akaongeza ukuta ukawa zaidi ya nusu mita juu ya maji, na tukaweka wavu juu. Mlango nao ukawekwa kizingiti.

Kamongo sasa. Huyu kwa kweli ndo anaestahili kuandikwa. Wavuvi hawampendi, anakata nyavu na anang'ata, meno yake sio ya kuchoma ni kama koleo, anasagia konokono. Yule mzee aliponiona namtafuta alicheka mpaka akakaa chini. Akanipatia mmoja wa sentimita 80, na nikauliza namsafirishaje, pipa? pikapu? Akamtia kwenye gunia lililoloweshwa maji akanikabidhi. Nimempakia kwenye bodaboda. Toka Kayenze mpaka Igombe, hana maji hata tone, dereva katikati ya safari anauliza "kaka umebeba nini kinakoroma?" maana kamongo akitoa pumzi anatoa sauti kabisa. Nikamwambia we endesha tu. Tumefika nikamwaga bwawani akashuka chini taratibu kama mzee anaeingia kitandani, baada ya dakika kadhaa akapanda, akaweka pua juu, akavuta, akashuka. Nikakumbuka pipa la bluu na dogo na kopo lake, nikacheka mwenyewe.

Kamongo ana mapafu. Na sio kwamba anaweza kutumia upepo wa juu, akiwa mkubwa LAZIMA autumie, ukimzuia kufika juu anakufa maji, samaki anakufa maji! Kwahiyo kwake kitu cha kuogopa ni kinyume, usiweke wavu uliogusa maji, usiwe na kona ambayo anaweza kubanwa chini. Sisi tulikuwa tumeweka mabomba ya plastiki ya maficho, ikabidi nitoe yale membamba.

Tatizo lake ni tabia. Nilikuwa nimeshaongeza hongwe wawili, wengine wanamuita mbofu, yule wa sharubu ndefu anaekaa chini. Hongwe ni samaki mzuri sana kwa macho, anaweza kufika mita moja, zamani alikuwa mwingi huku kabla sangara hajatawala. Mchana anajificha, usiku anatoka anazunguka chini kama mlinzi. Wiki ya pili hongwe mmoja hana mkia. Sio umechanika, hauna, umekatwa kama kwa mkasi. Nikadhani kambale. Nikakesha na tochi ya mwanga mwekundu siku mbili, siku ya pili nikamuona kamongo anasogea polepole kabisa, hana haraka, akamfikia yule hongwe wa pili kwa nyuma, kap. Hafukuzi mtu. Anakuja tu.

Hongwe yule wa kwanza alikufa, wa pili alipona na mkia wa nusu. Kamongo tukamjengea ukuta wa tofali kwenye kona, na dirisha la wavu mgumu ili maji yapite, ana kama mita moja na nusu kwa mita tatu peke yake. Ilipunguza bwawa lakini hapakuwa na namna. Na cha ajabu wateja wote wanaenda kwenye kona yake. Wanamuangalia anapanda kuvuta pumzi, watoto wanahesabu dakika, kuna meza mbili pale pembeni watu wanazigombea. Mama peke yake ndo hataki hata kupita, anasema sisi tunafuga nyoka.

Kuna jambo lingine nisipolisema nitakuwa sijatenda haki. Habari za bwawa zilipoenea, jamaa mmoja muuzaji akanitumia picha, ana vifaranga vya samaki wa nje, arapaima wa Amazon na kambale mwingine wa huko Amerika Kusini mwenye mkia mwekundu. Bro akachanganyikiwa kwa furaha. Na kwa swali langu la kupumua arapaima anafaulu vizuri tu, nae anavuta hewa juu, na anazidi mita mbili. Nilitamani, sitadanganya.

Lakini godauni liko mita 150 toka ziwani. Mwaka 2020 ziwa lilipanda maji yakafika kwenye choo cha jirani yetu, mi mwenyewe nilisaidia kuhamisha vitu. Na nimeshaeleza kambale walivyotoka kwa miguu yao. Sangara mwenyewe tunaemuita wetu sio wa hapa, aliletwa miaka ya 50 na 60 upande wa Uganda na Kenya, kwetu Mwanza akaja kujaa miaka ya 80, na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa aina mamia wakapotea. Yule mzee anasema utotoni kwake furu walikuwa wa kuchagua rangi, wekundu, bluu, wa njano, leo mjukuu wake hawajui. Sangara kaleta viwanda na hela, sikatai, nyumba nyingi hapa zimejengwa na minofu yake. Ila mi sitaki kuwa yule mtu ambae arapaima wa kwanza Ziwa Victoria alitoka chini ya mlango wake. Afu kuingiza samaki hai toka nje bila kibali cha uvuvi ni kesi, na yule jamaa nilipomuuliza kibali alinijibu na kicheko. Nikamfuta. Bro akanuna tena, safari hii siku mbili tu.

Kwahiyo sasa hivi bwawani wamo kambale wanne, hongwe mmoja mkia nusu, gogogo watatu ambao walikuwa wa kusafisha chini ila hawasafishi chochote wanapiga kelele tu ukiwashika, na kamongo kwake. Nawalisha mara tatu kwa wiki, dagaa wabichi wasio na chumvi, na kinachobaki baada ya robo saa natoa na neti. Mwanzo nilikuwa nalisha kila siku kwa sababu wateja wanapenda kuona, filta ikazidiwa maji yakawa rangi ya chai, sasa nimepanga ratiba, Jumatano, Ijumaa na Jumapili saa moja jioni, wenye kutaka kuona wanakuja siku hizo. Nabadilisha kama robo ya maji kila wiki, na maji ya bomba nayaacha kwenye tenki siku mbili yakibubujika na pampu ya hewa ili klorini itoke. Inveta ipo, betri mbili. Umeme umekatika mara nyingi tangu hapo na sijakimbia usiku hata mara moja.

Bro alikuja mwezi uliopita kwa mara ya kwanza toka tujenge. Kaingia, kaangalia kambale, kaguna. Kaenda kwenye kona. Kamongo akapanda, akavuta pumzi kwa ile sauti yake, bro akaruka nyuma akamwaga soda. Afu akavuta kiti akakaa palepale mpaka tunafunga.

Usiku tunarudi nyumbani akanambia, "ila dogo, sangara hata mmoja tu..."

Nikamwambia yupo, kwenye friji.